Soli Isiyolika

Mimi ni fundi viatu, na mtu akisimama mbele ya meza yangu macho yangu huanzia chini. Sura za watu nazisahau, miguu siisahau. Kwa hiyo sina pa kujificha katika habari hii: vidole gumba vya miguu ya binti wa marehemu kaka yangu niliviona kabla ya daktari yeyote. Alikuwa na mwaka mmoja, na mama yake alimleta nimpime viatu vya kwanza. Vidole vyote viwili vilikuwa vifupi, vimewalalia wenzao kama mtu aliyesinzia begani kwa jirani.

"Mkunga alisema ni alama tu ya kuzaliwa," shemeji akaniambia.

"Basi alama haina kesi," nikamjibu. Nikapanua ngozi kidogo upande wa ndani, nikashona, kiatu kikamkaa. Tangu siku hiyo viatu vyake vyote nilivitengeneza mimi, na kwa kila jozi nilijisifu.

Alipofika miaka sita alianguka kwenye ngazi za shule. Hakuvunjika kitu, hata damu haikumtoka. Siku chache baadaye shingo ikavimba kwa nyuma, uvimbe wa moto, mgumu, ukubwa wa limau. Ulikaa wiki tatu ukanywea, na uliponywea shingo haikugeuka tena. Ukimwita anageuka mwili mzima, kama mlango. Walimu nao waliona jambo jingine kabisa. Asubuhi moja mstarini mwalimu mkuu alimtoa mbele ya wenzake akasema, "Mtazameni huyu! Kichwa juu, mgongo umenyooka, hatazami huku wala kule. Huu ndio ukakamavu!" Watoto wakapiga makofi, na yeye akarudi nyumbani na jina jipya: Mkakamavu. Tulicheka, tukalipokea. Hakuna aliyekumbuka kwamba neno hilo limezaliwa na kukakamaa, na kwamba maiti nayo hukakamaa.

Mwaka uliofuata likavimba bega la kulia, na hapo ndipo nilipoingia mimi na mdomo wangu. Kazi yangu ilinifundisha kwamba hakuna ngozi kaidi. Ikikauka unailowesha, unaipasha moto, unaivuta juu ya kalibu la mbao na kuigongea vijimisumari, na kesho yake imeshakubali umbo la mguu. Nilimtazama mtoto ambaye mkono wake haupiti usawa wa sikio, nikamwambia mama yake, "Shemeji, samaki mkunje angali mbichi. Tukimwacha akauke hatakunjika tena."

Methali ikitoka kwa mwanamume mwenye nyundo mkononi, nani ataibishia? Kila jioni shemeji alichemsha maji, akamkanda mtoto kwa kitambaa cha moto, akampaka mafuta, kisha akauvuta ule mkono juu huku mimi nimeshika bega lisiinuke. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. "Baba Mdogo, inatosha! Baba Mdogo, nimeshapona!" Tukamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Baada ya mwezi mkono uligoma kabisa, umeganda ubavuni kama ulioshonwa hapo. Sisi tukasema tulichelewa. Kwa hiyo wa kushoto ulipoanza kuvimba tuliuwahi mapema, na tukauvuta kwa nguvu zaidi.

Nikikumbuka hilo mpaka leo huwa naweka nyundo chini kwanza.

Hospitali tulizunguka sana. Kuna waliosema ni saratani. Kuna waliosema ni baridi yabisi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili wakaona kwenye picha kipande cha mfupa kimepita mgongoni mahali ambapo hapana mfupa, wakampa nusu kaputi wakakitoa. Tulifurahi mno. Miezi minne baadaye kilirudi na ndugu zake wote. Sindano za kutuliza maumivu walizomchoma mapajani nazo ziliacha vinundu, na kila kinundu kilikuwa kigumu ukikigonga kwa kucha. Majirani walisema yale ambayo majirani husema. Mimi nilisema mtoto ni mvivu wa mazoezi, na nilimsema hivyo mbele ya watu.

Alikuwa na miaka ishirini tulipokutana na daktari mmoja. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye viatu vyeusi vilivyolika kisigino cha kulia. Alisikiliza, akatazama picha zote. Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuna daktari aliyewahi kulisema.

"Vua viatu."

Shemeji akamvua. Daktari akachuchumaa sakafuni na kuvitazama vile vidole gumba kwa muda mrefu, asiviguse.

"Viko hivi tangu kuzaliwa?"

"Tangu kuzaliwa!" nikadakia. "Viatu vyake natengeneza mimi." Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

Akainuka, akavuta kiti, akazungumza na Mkakamavu mwenyewe, si na sisi. Alimwambia ugonjwa wake una jina refu ambalo halitamsaidia kitu, ni wa nadra, kati ya watu milioni moja humpata mmoja, pengine hata huyo asipatikane. Si wa kuambukiza, si wa kurogwa. Alizaliwa nao, na vidole vile ndiyo dalili yake ya kwanza. "Mwili wa mtu mwingine ukiumia unajiziba kwa kovu," alisema. "Wako unajiziba kwa mfupa. Ukianguka, mfupa. Ukichomwa sindano ya msuli, mfupa. Ukikatwa ili mfupa utolewe, unakuja mwingine mkubwa zaidi. Wakati mwingine unakuja wenyewe tu bila sababu. Misuli na kano zako zinageuka mifupa, kidogo kidogo, na dawa ya kuirudisha sina. Nitakachokupa ni namna ya kujilinda." Kisha akatugeukia. "Kuna mtu amekuwa akimkanda? Kumnyoosha viungo?"

Chumba kilikuwa kidogo, na kwenye dirisha kulikuwa na nzi mmoja akigonga kioo. Shemeji alitazama mikono yake.

"Ni mimi," akasema.

Alisema hivyo peke yake, na mimi niliyetoa methali, niliyeshika bega, nilikaa kimya kama niliyesindikiza tu. Daktari hakumgombeza. Alimwambia, "Hukujua, Mama. Hata sisi tulimkata." Njiani kurudi shemeji hakulitaja jambo hilo, wala kesho yake, wala mwaka ule wote.

Nisije nikafanya kana kwamba Mkakamavu aliishi kwa kuugua tu. Viwiko vyake viliganda vikiwa vimekunjwa, viganja vinakutana mbele ya kifua, na vidole vyake vya mikono ugonjwa haukuvigusa. Alijitazama, akaona kazi inayofanyika kifuani mwa mtu, akaichagua. Alijifunza kutengeneza simu. Seremala wa jirani alimtengenezea kibao kirefu kinachofika usawa wa kifua, akafungia juu yake kioo cha kukuzia, na banda langu tukaligawa: kushoto nagonga soli, kulia analehemu. Moshi wa risasi yake na harufu ya gundi yangu vikaoana kuliko ndoa nyingi za mtaani. Mteja akija na simu iliyoingia maji, anauliza kwa sauti ya msibani kama itapona. Mkakamavu anaigeuza kwa ncha za vidole, anasema, "Acha hapa, njoo kesho. Ikifa tutazika wote." Kuna waliomkodolea macho. Mmoja alimuuliza mbona hageuki anaposemeshwa, akamjibu, "Shingo nimeipumzisha, iliwahi kufanya kazi sana." Simu iliyokufa ikiwaka mikononi mwake, anacheka peke yake, kicheko kifupi, kwa sababu mbavu nazo zilishaanza kukaza na hewa ya kicheko kirefu hakuwa nayo. Mama yake alikula kwa kazi ile, na mtaa mzima ulijua.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa nyonga ya kushoto ilipovimba.

Tulirudi kwa yule daktari, sasa ana nywele mbili tatu nyeupe na viatu vingine. Aliipapasa kwa mgongo wa kiganja, taratibu sana, akasema nyonga hii inafunga, na ya kulia haitachelewa kuifuata. Miezi, si miaka. Kisha akasema lile ambalo tulikwenda nalo nyumbani kama mzigo wa kichwani. "Siwezi kuizuia. Lakini mara nyingi kiungo hufunga pale kilipozoea kukaa. Ukishinda umekaa, utabaki umekaa. Ukishinda umesimama, utabaki umesimama. Huko mbele hakuna wa kubadilisha. Uamue mapema, mwenyewe, na uishi hivyo kuanzia sasa."

Kwa wiki nzima nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine. Shemeji alitaka mwanawe asimame.

"Aliyesimama anavaa gauni lake," alisema, "anaingia chooni, anafika mlangoni kwa miguu yake. Usiku analala chali kitandani kama watu. Aliyekaa atalala vipi, mwanangu? Atabebwa kama kiti."

"Na aliyesimama afanye kazi gani, Mama? Mlingoti wa bendera?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii mzaha. Nikisimama wima siku nzima, nitaanguka kabla ya mchana. Na nikianguka unajua kinachofuata."

Shemeji akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kochi, na safari hii sikuwa na methali. Niliogopa hata kukohoa.

Asubuhi iliyofuata Mkakamavu alinijia upande wangu wa banda, akitembea kwa ule mwendo wake wa kuburuza mguu wa kushoto. "Baba Mdogo, nimepata," akasema. "Sitakaa wala sitasimama. Nitaegemea."

Alitaka stuli ndefu, yenye kiti kilichoinamia mbele, ili makalio yakae nusu na miguu isimame nusu, kama mtu anayeegemea ukingo wa meza akisubiri chai. Hapo kibao chake kitamfikia. Kwa msaada ataweza kuinuliwa na kuhama hatua mbili tatu. Kitandani atalala ubavu na mto katikati ya magoti. Si kukaa kuzuri, si kusimama kuzuri, lakini kazi itaendelea.

"Seremala atakata mbao," akasema, "ila vipimo ninataka uchukue wewe. Wewe ndiye unayejua mwili wangu."

Nikachukua utepe. Nikapima paja, nikapima goti hadi chini, nikapima tena, nikaandika, nikafuta. Huyu mtu alikuwa anataka kuwekwa kwenye kalibu, abaki hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, na kalibu lile alikuwa ananiagiza mimi. Nilipokuwa nimepiga magoti na sura yangu haionekani, nikasema.

"Mwanangu, yale ya kukukanda. Siku ile kwa daktari mama yako alijibu, lakini aliyeanza ni mimi. Ni mimi niliyesema samaki mkunje."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa na miaka saba, Baba Mdogo, sikuwa kiziwi." Shingo yake haikumruhusu kunitazama chini nilipokuwa, kwa hiyo alisema huku anatazama ukuta. "Mama nilimsamehe zamani. Wewe nilikuwa nangoja useme. Haya, pima vizuri. Samaki huyu hakunjiki tena."

Nilikaa pale chini muda, nikijifanya nasoma utepe.

Nilipima vizuri. Hilo naweza kuapa. Seremala akatengeneza stuli, mimi nikavika kiti chake ngozi laini ya juu na sponji nene ndani, na Mkakamavu alipoegemea mara ya kwanza alifumba macho akasema, "Hapa." Nilifurahi hata nikapoteza akili. Nikasema moyoni, kama ndivyo atakavyobaki, basi abaki amependeza. Nikamtengenezea jozi mpya ya viatu, ngozi nyekundu iliyokoza, nafasi ya kidole gumba imefichwa ndani ya mshono hata huioni, na kisigino cha urefu wa vidole viwili. Alikuwa hajawahi kuvaa kisigino maishani. Alijiangalia kwenye kioo cha simu ya mteja na kusema, "Leo natoka na nani?" Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu nyonga ivimbe.

Alivivaa viatu vile kila siku, kutwa nzima, ameegemea stuli yake; vya kutembea navyo vilikuwa vile vya zamani. Nyonga ya kushoto ilifunga mwezi wa nne. Ya kulia ilifunga kabla mwaka haujaisha. Kulikuwa na maumivu ambayo sitayaeleza, kwa sababu nilikuwa natoka nje ya banda nisiyasikie. Lakini zilifunga pale pale alipotaka, na daktari alipokuja kumtazama alisema hajaona mtu aliyejichagulia vizuri namna ile. Mimi nilivimba kichwa. Nikasema angalau deni lile nimelifuta.

Asubuhi moja shemeji alimwogesha, akamfuta miguu, akamweka kwenye stuli peku ili vidole vipate hewa. Nilisikia mayowe. Nilipofika, shemeji amemkumbatia binti yake kiunoni, amemzuia kwa mwili wake mwenyewe asiteleze mbele. Tukamrudisha. Ndipo nilipoangalia miguu yake, mimi ninayejidai kuangalia miguu. Ncha za vidole ziligusa sakafu. Visigino vilikuwa hewani, vidole viwili kamili kutoka chini. Nilivisukuma kidogo, taratibu, halafu nikaondoa mkono haraka kama aliyeguswa na moto. Vifundo vya miguu navyo vilikuwa vimefunga.

Nyonga tulizifikiria sote. Kifundo cha mguu hakuna aliyekifikiria. Seremala angempima peku. Daktari angempima peku. Mimi nilimpima na viatu, nikamvika viatu, nikampa na kisigino cha urembo, kwa sababu kwangu mimi mtu huishia kwenye soli. Mwili wake ulifuata kile nilichompa, kama alivyosema daktari, na sasa bila viatu vyangu hawezi hata kuegemea. Kalibu lilikuwa mimi, kwa mara ya pili.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi tumefungana, Baba Mdogo. Nisipokuwa na wewe nateleza." Alisema kwa utani, na utani ule ukaniingia mahali ukakaa.

Miaka miwili imepita. Mimi sasa ni mzee, goti la kulia linalalamika kila asubuhi na macho yanataka miwani hata kutia uzi kwenye sindano. Wazo moja likawa halinipi nafasi. Kisigino kikilika upande mmoja tu, hata unene wa shilingi, atainama. Akiinama ataanguka. Akianguka, taya lake, ambalo bado linafunguka, huenda likaifuata mifupa mingine, na hapo hatakula tena. Mafundi wa siku hizi wanabandika, hawapimi. Nani atamtilia kisigino nikifa? Nikaanza kuchonga akiba. Nilichagua ngozi ngumu kuliko zote, nikakata soli, nikakata visigino, kila kimoja vidole viwili kamili, nikavipanga kwenye boksi la kadibodi chini ya meza. Sikuwa najua niishie vingapi. Nilijaribu kuhesabu miaka yake iliyobaki, na mbavu zake zilivyokaza, nikaona aibu nikaacha. Nikawa nakata tu.

Juzi mchana wateja hawakuwepo. Nilikuwa nagonga na yeye analehemu.

"Baba Mdogo, wiki nzima unagonga visigino. Ni vya nani?"

"Vyako."

"Vyangu vina nini?"

"Havina kitu. Vya akiba. Mimi sitaishi milele, na hivyo ulivyovaa vitalika."

Akaweka chini chuma cha kulehemu. "Njoo uvitazame."

Nikajikokota mpaka kwenye stuli yake, nikapiga magoti, nikainua ncha ya kiatu kidogo tu, kwa kadiri mguu ulivyoruhusu, nikachungulia chini na miwani yangu. Nilitarajia kuona upande wa nje umelika, maana huko ndiko soli za watu wengi huanza kulika. Soli ilikuwa nzima. Katikati, kwa kalamu ya wino, ilionekana namba ya saizi niliyoiandika mwenyewe siku ile nilipokata ngozi. Namba hiyo kwa mteja yeyote hufutika kabla hajafika kona ya barabara. Hii ilikuwa inasomeka kama nimeiandika asubuhi.

Nikapitisha kidole juu ya wino.

"Baba Mdogo," akasema, akitazama ukuta, "kwani mimi nakwenda wapi?"